Boza la Maji kwenye Uwanja wa Mbio

Kwa miaka mingi Mama Boza aliuzunguka uwanja wa mbio za magari kinyume na dunia nzima. Madereva wa mashindano walikimbia shimo likiwa upande wa abiria. Yeye alipita na boza lake la maji shimo likiwa upande wa usukani, chini ya kiwiko chake, ili auone ukingo kwa dirisha lake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumsahihisha, maana alipokuwa akimwaga maji hapakuwa na mtu mwingine uwanjani. Baba yake ndiye aliyemfundisha hivyo. "Adui mweke upande wa jicho," alimwambia, "usimwache upande wa sikio."

Baba huyo alikuwa mfyatua matofali, na uwanja ule ni mtoto wa matofali. Alichimba udongo mahali pamoja mpaka pakawa shimo la kumeza nyumba, na malori yaliyokuja kupakia yakawa yanalizunguka: yanaingia matupu kwa mteremko, yanatoka yamejaa kwa mwinuko mpole. Yalizunguka hivyo mpaka njia ikajichonga yenyewe. Aliyefika kwanza ndiye aliyepakia kwanza, na madereva wa malori si watu wa kupishana kwa adabu. Watu wakaanza kuja kuwatazama. Udongo mzuri ulipokwisha, tanuri likazimwa, lakini watazamaji hawakuwa na habari za udongo, waliendelea kuja. Mzee akaona bora anunue bendera.

Toka siku za malori yalibaki mambo ambayo hayaonekani kwenye viwanja vingine. Mashindano hayaanzi kwa magari kupangwa yakitazama mbele. Yanapangwa midomo ikitazama shimo, kama malori yanayongoja kupakiwa, na bendera ikishuka kila dereva anakata usukani upande mmoja na mwenzake na kuingia njiani. Mgeni akiona mara ya kwanza hushika kichwa. Getini nako kuna kibao cha bati ambacho mzee alikiandika kwa mkono wake, kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka milango: *Chochote chenye injini na breki kinakaribishwa. Ubishi uachwe nje.*

Binti yake hakuwahi kuuacha nje. Ni mwanamke mfupi, mjane, mwenye mikono mipana na sauti iliyozoea kushindana na injini. Huketi juu ya mto wa sofa uliovishwa kipande cha turubai, ili autazame usukani kwa juu badala ya kuuchungulia katikati. Kioo cha pembeni cha boza kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na mlango wa abiria haukufunguka mpaka upigwe teke mahali anapopajua yeye. Siku za kazi alipeleka maji kwenye majengo yanayojengwa. Jumapili za mashindano aliyamwaga uwanjani, maana uwanja wa udongo usiponyweshwa hauonekani. Ni vumbi tupu, na dereva wa nyuma anakimbia kwa imani.

Mtaa wa maghorofa ulipoota nje ya uzio, maji ya kukorogea zege yake yaliletwa na boza hilohilo. Wakazi walihamia, wakatandika mazulia, kisha wakaanza kulalamika: kelele, vumbi, moshi, watoto hawalali. Mwanamume mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa na desturi ya kusimama kwenye roshani na kupiga sufuria kwa mwiko kila injini ilipowashwa. Mama Boza alikuwa na jibu moja kwa wote. "Hizo kuta zenu zimekunywa maji yangu. Zivumilie."

Kaka yake mkubwa hakuwa na jibu hilo. Yeye alikuwa mwenyekiti wa uwanja, na watu wote, hata mke wake, walimwita Mwenyekiti. Alistaafu kazi ya kutunza stoo ya shule, ambako kwa miaka yote hakikutoka hata kijiko bila sahihi. Nyumba yake ilikuwa imeegemea uzio, kwa hiyo malalamiko yalimfikia kabla hayajapoa: walimsimamisha dukani, walimsimamisha kwa kinyozi akiwa na povu shavuni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka akitazama uwanja ule huona shimo tu.

Sharti la manispaa lilijulikana na kila mtu, mpaka muuza karanga wa getini. Uwanja unabaki uwanja maadamu kila mwaka yanafanyika mashindano, angalau mara moja, na magari mawili yanamaliza mizunguko mitano mbele ya afisa. Mwaka ukipita mtupu, kibali kinakufa na eneo linakuwa la kujenga. Zamani hilo lilikuwa la kuchekesha, kama kumwambia mtu kwamba lazima ale angalau mara moja kwa mwaka. Kisha ulifunguliwa uwanja wa lami upande wa pili wa mji, wenye viti vya plastiki na vyoo vinavyovuta maji, na madereva wakahama mmoja mmoja. Mwaka huo mashindano ya kwanza yaliahirishwa kwa mvua. Ya pili yaliahirishwa bila sababu iliyotajwa. Ikabaki Jumapili ya mwisho ya mwaka.

Afisa wa manispaa alifika mapema. Alikuwa mwanamke kijana aliyevaa mabuti ya mvua ingawa jua lilikuwa linachoma, akiwa na mwavuli na kiti chake cha kukunja. Alikiweka kivulini mwa kibanda cha waamuzi, akaketi, akangoja. Muuza karanga alifika. Alifika pia Winchi, mdogo wa marehemu mume wa Mama Boza, na gari lake la kuvutia magari yaliyoharibika. Winchi hakukosa Jumapili hata moja, kwa sababu mashindano yalimpa kazi na yasipompa kazi yalimpa la kusimulia. Mama Boza alikuwa amekwisha jaza tanki. Wakangoja wote. Kivuli cha kibanda kilijikunja mpaka kikawa hakitoshi kiti cha afisa.

"Basi," alisema Mwenyekiti, akaanza kuikunja bendera. "Hakuna aliyekuja. Afisa, andika hakuna aliyekuja."

"Tumekuja sisi," alisema Mama Boza.

"Sisi wenye nyumba. Mwenye nyumba hajihesabu na wageni."

"Soma kibao cha baba."

"Kibao nakijua tangu hujaota meno."

"Basi kisome tena sasa ninayo. Boza lina injini. Lina breki."

Winchi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari lake akitafuna karanga. "Breki nina shaka nazo," alisema, bila kuulizwa.

"Zako ziko wapi?"

"Zipo, shemeji. Jumapili huwa naziacha zipumzike."

"Leo ziamshe. Unashindana na mimi."

Winchi aliacha kutafuna. Alimtazama shemeji yake, akalitazama boza, akautazama uwanja kama mtu anayeonyeshwa chumba cha kupanga. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni," alisema. "Na ukingo wetu sisi una shimo."

"Unaogopa?"

"Naogopa kukushinda. Halafu nitakula kwa nani?"

Mwenyekiti hakucheka. Alisogea karibu na dada yake, akashusha sauti, ingawa afisa alikuwa hatua chache tu na masikio yake yalikuwa mazima. "Mdogo wangu, maji yakimwagika hayazoleki. Acha paende kwa heshima. Baba alituachia shimo. Shimo hufukiwa."

"Baba alituachia njia, kaka. Shimo liko katikati tu. Na hayo maji ninayeyamwaga ni mimi. Kweli hayazoleki, lakini yanalaza vumbi." Akamgeukia afisa. "Mwanangu, boza na gari la kuvuta magari. Ni magari mawili au si mawili?"

Afisa alifikiri. "Sharti linasema magari mawili yamalize, mama. Halisemi ya namna gani. Nimetumwa kutazama. Nitatazama."

Mwenyekiti angeweza kuondoka na bendera chini ya kwapa, na mambo yangeishia hapo. Hakuondoka. Alitaka, kama alivyomweleza mkewe baadaye, kuiona aibu hiyo kwa macho yake mpaka mwisho. Akapanda kibandani. Magari mawili yakapangwa midomo ikitazama shimo, moja lina tumbo la maji, jingine lina kulabu inayoning'inia nyuma kama mkia wa nge. Kwenye roshani ya ghorofa ya pili yule mwanamume alitokea na sufuria yake, akaona yanayopangwa, akasahau kupiga.

Bendera ikashuka.

Winchi alikata usukani kama walivyoukata madereva wote tangu siku za malori. Mama Boza naye alikata usukani kama alivyoukata yeye tangu siku aliyofundishwa. Magari yakapeana migongo, moja likaenda huku, moja likaenda kule.

Hakuona kosa. Hilo ndilo jambo ambalo watu walimuuliza sana baadaye, na jibu lake halikubadilika: angeona kosa gani? Shimo lilikuwa chini ya kiwiko chake, pale lilipokuwa siku zote. Alipita Kona ya Choo, iitwayo hivyo kwa sababu zinazojulikana, akaongeza gia, akajisikia mwepesi. Moyoni alijiambia kwamba Winchi ameachwa mbali sana, maana hata mlio wake hausikiki nyuma.

Mlio ulisikika mbele. Kwenye Kona ya Tanuri, ambako njia inabanwa kati ya shimo na ukuta wa matofali mabovu ambayo mzee hakutaka kuyatupa, gari la Winchi lilitokea likimjia uso kwa uso. Wote wawili walikanyaga breki. Za Winchi, ikaonekana, zilikuwepo. Bampa zilisimama karibu kiasi kwamba paka angepita kwa kujikunja.

Winchi alitoa kichwa nje. "Shemeji. Salama?"

"Salama. Mbona unanijia?"

"Mimi nashindana. Wewe unamwagilia."

Mama Boza alitazama shimo chini ya kiwiko chake. Alitazama ukuta upande wa pili. Damu ilimpanda masikioni.

"Rudi nyuma," alisema.

"Nikirudi nyuma mzunguko wangu unaharibika, halafu tutakuwa na mizunguko miwili mibovu badala ya mmoja. Rudi wewe, shemeji. Nitakusindikiza."

Alisema kweli, na Winchi akiwa na haki hakuvumiliki. Mama Boza akaweka gia ya nyuma. Akarudi njia yote aliyoijia, akitazama kwenye kile kioo cha mpira wa baiskeli, na Winchi akimfuata pua kwa pua, mikono juu ya usukani, akimtabasamia kupitia vioo viwili. Kufikia Kona ya Choo roshani zilikuwa zimejaa. Watu waliokuwa wakilalamika mwaka mzima walikuwa wamebebana mabegani. Hakuna aliyewahi kuona mashindano ambayo madereva wanatazamana.

"Kanyaga, Mama," mtu alipaza sauti kutoka juu. "Unaongoza kwa kisogo."

Kwenye mstari wa kumalizia, mbele ya kibanda, njia ni pana. Boza likageuka hapo kwa kuvuta mbele na nyuma, huku Winchi akipita na kuanza mzunguko wake wa pili. Mwenyekiti aliinama kutoka kibandani. "Huo wako hauhesabiki," alisema.

"Sijakuomba uuhesabu. Nianzie sifuri."

"Acha, dada. Umetuchekesha, inatosha."

Mama Boza akaingia njia ya mashindano, shimo likiwa upande wa abiria, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa mgeni katika uwanja wa baba yake. Kona alizozijua kama vidole vyake zilikuwa sasa za mkono wa mtu mwingine. Iliyokuwa inafunguka ilifunga. Mwinuko aliozoea kuupumzikia ulikuwa mteremko unaomsukuma mgongoni na tanki zima la maji. Shimo lilikuwa upande wa sikio, kama baba alivyosema lisiwe, na yeye alilikisia kwa sauti ya kokoto zilizokuwa zikidondoka ndani yake. Alikwenda polepole, akiwa na hasira, akitukana kona moja baada ya nyingine kwa majina yake.

Kwa haraka ile hakuna aliyekuwa amekumbuka kwamba uwanja haujanyweshwa. Anayekumbuka siku zote ni yeye. Alikuja kugundua alipotazama kioo na kuona nyuma yake hakuna uwanja. Kuna ukuta mwekundu unaotembea. Winchi alikuwa amemzunguka na kumfikia tena, na alikuwa ndani ya ukuta huo. Taa zake zilionekana, zikapotea, zikaonekana mahali pengine, karibu mno na ukingo. Honi yake ililia, si ya kuomba njia. Ilikuwa ya mtu asiyeona mahali pa kuweka gurudumu na anayemfahamisha mwenzake kwamba bado yupo.

Mama Boza alisimama kidogo ndani ya nafsi yake, ingawa boza halikusimama. Kusimama kwenye njia ile nyembamba ni kumngoja Winchi ampande mgongoni. Kuendelea ni kumlisha vumbi mpaka atumbukie. Na Winchi akitumbukia hakuna magari mawili. Hakuna uwanja, hakuna kibao. Hakuna Winchi pia. Hilo lilimjia la mwisho, na ndilo lililoupeleka mkono wake kwenye koki ya maji iliyo kando ya kiti.

Kila dereva wa boza anajua jambo moja: tanki lililojaa limetulia, tanki tupu limetulia, tanki la nusu lina akili yake. Hakuna anayefungua maji akiwa kwenye mwendo wa kona. Yeye alifungua. Bomba la nyuma lenye matundu likatema, vumbi likalala kama mbwa aliyekemewa, na gari la Winchi likatokea kwenye hewa safi, jekundu kila mahali isipokuwa macho ya dereva wake. Kwenye sehemu iliyonyooka Winchi alipita. Hakutabasamu safari hii. Aliinua mkono mmoja kutoka kwenye usukani na kuuweka kifuani.

Kuanzia hapo boza lilikuwa na madereva wawili, yeye na maji. Alipokata kona, maji yalikwenda moja kwa moja. Aliponyooka, yalikumbuka kona. Kwenye Tanuri yalimbeba kabisa. Aliona shimo likija dirishani kwa abiria, akavuta usukani wote kuelekea kwake, na boza likaukumbatia ukuta wa matofali mabovu kwa ubavu mzima. Kioo cha pembeni kiliondoka na mpira wake wa baiskeli. Matofali ya baba yake yaliporomoka juu ya boneti, na moja likaingia kwa dirisha lake, likampita mapajani na kuketi kwenye kiti cha abiria kama mtu aliyeomba kupanda. Injini haikuzima. Alikung'uta mapaja, akaingiza gia, akaendelea.

Winchi alimaliza. Mwenyekiti akapunga, muuza karanga akapiga makofi, na Winchi akaegesha pembeni na kuketi kwenye ngazi ya gari lake. Boza lilikuwa bado linahema upande wa pili wa shimo. Lilifika mstarini, likapita, maana lilikuwa bado na deni la mizunguko. Hakuna aliyepunga kitu. Lilifika tena, likapita. Mwenyekiti aliikunja bendera, akaikunjua, akaikunja.

Mzunguko wa mwisho Mama Boza aliumaliza kwa gia ya chini, bila kioo, matofali yakidondoka moja moja njiani kama makombo. Wakati huo Mwenyekiti alikuwa ameshuka kibandani, na alikuwa amesimama katikati ya njia, hatua chache mbele ya mstari, bendera ikiwa imekunjwa mkononi. Boza lilisimama bampa ikikaribia magoti yake. Hakusogea.

"Punga," alisema dada yake kutoka juu.

"Umeanza kinyume. Umemwaga maji katikati ya mashindano. Umebomoa ukuta wa baba."

"Ukuta nitaujenga. Punga, kaka."

"Kuna wanaotaka kujenga hapa, watatulipa vizuri tukiacha."

"Na wewe unataka? Niambie wewe, siyo wao."

Afisa alikuwa ameinuka kutoka kwenye kiti chake, lakini hakuwasogelea. Lilikuwa jambo la ndugu wawili. Mwenyekiti akapiga hatua pembeni, akatembea polepole kando ya boza, kama alivyokuwa akitembea kati ya rafu za stoo yake. Akalitazama tanki linalodondosha, ubavu uliochubuka, akafika nyuma. Akainama.

"Magurudumu ya nyuma bado," alisema.

"Nini?"

"Magurudumu ya nyuma hayajavuka mstari. Mimi sipungii gari ambalo halijavuka." Akainuka, akishika kiuno. "Sogea mbele, dada. Usije ukasema nilikupendelea."

Boza likasogea. Magurudumu ya nyuma yakapanda mstari, yakashuka. Mwenyekiti akaikunjua bendera na kuipunga mpaka juu, kwa mikono miwili, kama alivyopunga baba yao. Afisa akaandika neno moja na kufunga mwavuli wake. Huko juu, kwenye ghorofa ya pili, sufuria ililia, na haikujulikana kama ni kwa kulalamika au kwa kushangilia. Pengine hata mpigaji hakujua.

Mama Boza hakushuka. Alizungusha usukani, akaligeuza boza, akaliingiza njiani upande wake mwenyewe, shimo likarudi chini ya kiwiko. Akafungua koki.

"Sasa unamwagia nani?" Winchi aliuliza kutoka kwenye ngazi. "Mashindano yamekwisha."

"Ya mwaka huu," alisema Mama Boza, na boza likaondoka.